Mabomba na Viungio Salama kwa Tangi la Matumbawe

Somo hili linamhusu mlaji anayetaka kufuga matumbawe, kamba na samaki wa baharini nyumbani, hotelini au katika mgahawa. Tangi la namna hii hugharimu fedha nyingi kulianzisha, na sehemu kubwa ya vifaa vyake hununuliwa katika maduka yale yale yanayouza mabomba ya bafuni na jikoni. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kifaa kilicho bora kabisa kwa bafu kinaweza kuwa sumu kwa tumbawe, wala muuzaji hajatenda kosa kukiuza, kwa kuwa hakuambiwa kinakwenda kutumika wapi.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini maji yanayomfaa binadamu yanaweza kumdhuru mnyama wa baharini;
(b) kutambua nyenzo salama, na kugundua metali iliyojificha ndani ya viungio vya plastiki;
(c) kuuliza maswali yanayofaa dukani na kumpa fundi maelekezo yaliyo wazi;
(d) kuchukua hatua iwapo madhara yamekwisha kutokea.

Kanuni kuu ya somo zima ni moja: kila kinachogusa maji ya tangi kiwe kioo, silikoni halisi au plastiki inayofaa maji ya kunywa, metali isiyaguse maji hayo, isipokuwa titani.

1. Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa mkazi mmoja wa Tanga aliyenunua tangi la lita 200. Kazi ya kuunganisha mabomba alimpa fundi anayemwamini, yule yule aliyemjengea mfumo wa maji wa nyumba nzima usiovuja hata tone. Fundi alitumia mabomba ya PPR ya kijani, viungio vyake na koki mbili za kufungia maji. Kazi ilikuwa safi. Maji yakajazwa, tangi likaachwa wiki kadhaa likomae, kisha wanyama wakaingizwa.

Siku ya nne, kamba wawili walikutwa wamekufa. Kufikia wiki ya pili konokono walikuwa wameacha kupanda kioo, na matumbawe laini yalikuwa yamejikunja bila kufunguka. Samaki wawili waliokuwamo waliendelea kuogelea na kula kama kawaida. Mwenye tangi alihitimisha kwamba maji hayana kasoro, maana samaki ni wazima. Basi mwenye kosa ni aliyemuuzia kamba wagonjwa. Alirudi kudai fedha zake. Muuzaji akakataa, wakagombana. Akanunua kamba kwingine, nao wakafa.

Katika mfano huu hakuna aliyedanganya. Muuzaji wa kamba aliuza wanyama wazima, fundi alifanya kazi aliyofundishwa, na duka la vifaa liliuza bidhaa halali. Chanzo kilikuwa ndani ya koki na viungio, na ishara ilikuwa mbele ya macho tangu mwanzo: samaki wanaishi, lakini wanyama wasio na uti wa mgongo wanakufa. Ishara hiyo inapoonekana, shaba iwe miongoni mwa vitu vya kwanza kushukiwa.

2. Maji ya mtu na maji ya tumbawe

Neno "shaba" katika mazungumzo yetu hubeba metali mbili. Ipo shaba nyekundu, inayotumika katika nyaya za umeme na mabomba ya viyoyozi. Ipo pia shaba ya njano, ambayo mafundi wengi huiita brasi. Hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, nayo ndiyo inayotengenezea koki na viungio vingi vya maji. Katika somo hili zote mbili zina hukumu moja.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maji ya kunywa unakubali shaba hadi miligramu 2 katika lita moja. Kwa upande mwingine, wafugaji wa samaki wa baharini hutumia shaba kama dawa ya kuua vimelea vinavyoshambulia ngozi na mashavu ya samaki, kwa kiwango cha takribani miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Samaki wengi hustahimili dawa hiyo. Kamba, konokono na matumbawe hawaistahimili, na ndiyo sababu mfugaji mwangalifu huwatibu samaki wake katika tangi la pembeni, kamwe si katika tangi lenye matumbawe.

Linganisha viwango hivyo. Maji ambayo mtu anaruhusiwa kuyanywa yanaweza kuwa na shaba mara kumi ya dozi inayoua kamba. Kwa hiyo kauli ya "bomba hili linafaa maji ya kunywa" ni mwanzo mzuri, lakini peke yake haitoshi.

Tupige hesabu. Ili tangi la lita 200 lifikie miligramu 0.2 kwa lita, inahitajika shaba miligramu 40 tu iliyoyeyuka. Huo ni karibu uzito wa punje mbili za mchele. Koki moja ndogo ya shaba ya njano huwa na uzito wa makumi ya gramu, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni shaba nyekundu. Ikiliwa na maji sehemu ndogo mno isiyoonekana kwa macho, kiwango cha hatari kimekwisha kufikiwa.

Mlaji anaweza kuuliza: mbona koki kama hiyo hukaa bafuni miaka ishirini bila kumdhuru mtu? Zipo sababu tatu.

Kwanza, maji ya bafuni hupita mara moja yakaenda zake. Maji ya tangi ni yale yale yanayozunguka. Pampu inayosukuma lita 2,000 kwa saa huyapitisha maji yote ya tangi la lita 200 katika koki ile mara 10 kwa saa, yaani mara 240 kwa siku. Tena maji yanayopungua kwa mvuke huondoka peke yake. Chumvi na metali hubaki.

Pili, maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Kloridi iliyomo katika chumvi hiyo huvunja utando mwembamba unaozilinda metali nyingi dhidi ya kuliwa. Metali inayodumu katika maji baridi huanza kuchimbika katika maji ya chumvi.

Tatu, mawe na mchanga wa chokaa vilivyomo ndani ya tangi hushika shaba na kuihifadhi, kisha vinaweza kuiachia polepole baadaye. Kwa hiyo kuondoa koki hakumalizi tatizo siku hiyo hiyo.

3. Nyenzo zinazofaa na zisizofaa

*Zinazofaa kugusa maji ya tangi:*

PVC ngumu ya maji ya kunywa. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa walaji wengi. Hukatwa kwa msumeno wa kawaida, huunganishwa kwa gundi yake, na viwiko, tii, yunioni na vali zake hupatikana katika plastiki tupu.

Polithini, yaani mabomba meusi yanayouzwa kwa roli, pamoja na madumu na matangi ya plastiki ya kuhifadhia maji. Ni nyenzo salama. Angalia tu koki iliyofungwa chini ya tangi la plastiki, kwani mara nyingi ni ya shaba ya njano. Ibadilishe kwa ya plastiki.

PPR, kwa masharti tutakayoyaeleza katika sehemu ya nne.

Mipira ya silikoni au mipira inayoonyesha ndani iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula na vinywaji.

Tepu nyeupe ya tredi. Haina madhara, nayo inatosha kwa tredi za plastiki. Katani na rangi ya mabomba havihitajiki.

*Zisizofaa:*

Shaba nyekundu na shaba ya njano za kila aina, hata zikiwa zimepakwa kromu au nikeli. Mng'ao wa juu ni ngozi nyembamba. Chumvi huipenya kwenye mikwaruzo na kwenye tredi.

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ambayo mafundi huyaita mabomba ya GI. Zinki nayo huyeyuka na kuwadhuru wanyama wasio na uti wa mgongo, na nyuma yake hufuata kutu.

Alumini, pamoja na mabomba ya tabaka yenye alumini katikati. Bomba la namna hiyo linapokatwa, ukingo wa alumini hubaki wazi mbele ya maji.

Chuma kisichoshika kutu. Jina lake lisimdanganye mlaji. Aina ya 304, inayotumika katika sufuria na masinki, huchimbika katika maji ya bahari. Aina ya 316 hustahimili zaidi kwa sababu ina molibdeni, lakini hata yenyewe huliwa katika nafasi finyu kama chini ya klipu na ndani ya tredi. Ikilazimu kutumika, itumike nje ya maji tu.

Mabomba ya PVC ya maji machafu. Hayakutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na mlaji hawezi kujua ni viambato gani vimetumika. Baadhi ya viwanda duniani vimewahi kutumia misombo ya risasi ili PVC isiharibike kwa joto wakati wa kuitengeneza. Tofauti ya bei haistahili hatari hiyo.

Mipira ya kawaida ya bustani. Huongezewa vilainisho na vizuia ukungu ambavyo havikukusudiwa kukaa na viumbe hai.

4. Metali iliyojificha

Makosa mengi hayafanywi na mtu anayenunua bomba la shaba akijua ni la shaba. Hufanywa na mtu anayeamini kwamba amenunua plastiki. Tunamsihi mlaji asome sehemu hii polepole, na ikiwezekana aisome pamoja na fundi wake.

*Viungio vya PPR vyenye tredi.* Bomba la PPR na viungio vyake vya kuyeyushwa kwa mashine ya moto ni plastiki tupu, navyo ni salama. Lakini kila mahali bomba linapokutana na koki au pampu, hutumika kiungio chenye tredi, na ndani ya kiungio hicho huwa kimezamishwa kipande cha shaba ya njano, mara nyingi kikiwa kimepakwa nikeli hadi kinaonekana cheupe kama fedha. Kwa nje ni kijani kitupu. Kwa ndani, maji hupita juu ya metali. Hiki ndicho kilichowaua kamba katika mfano wetu, kikisaidiwa na zile koki mbili. Ukitumia PPR, sehemu zote zenye tredi ziwe za PVC au polipropilini tupu. Fundi wako akisema hana namna ya kuziunganisha, jenga mfumo mzima kwa PVC.

*Vali zenye kishikio cha plastiki.* Kishikio hakisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Fungua vali, itazame kwenye mwanga. Ukiona kitufe kinachong'aa kama fedha, ni metali. Vali za kuzuia maji kurudi nazo huweza kuwa na springi ya metali hata kama ganda lake ni la plastiki.

*Pampu.* Pampu za nyumbani za kupandisha maji kwenye tangi la juu huwa na kichwa cha chuma cha kutupwa, na nyingi zina panga la shaba ya njano. Zisitumike kabisa. Pampu ndogo za kuzamishwa zilizotengenezwa kwa ajili ya chemchemi za bustani huweza kuwa na mhimili wa chuma. Tafuta pampu ambayo maelezo yake yanataja waziwazi kuwa inafaa maji ya bahari na yenye mhimili wa kauri.

*Mitambo ya kupoza maji.* Matumbawe mengi ya kufugwa hustawi katika nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Joto likizidi kwa muda mrefu hupauka, kama ilivyotokea katika miamba ya Bahari ya Hindi, ikiwemo ya pwani yetu, mwaka 1998. Katika joto la Dar es Salaam au Mtwara mfugaji hulazimika kupoza maji, na mtambo maalumu ni ghali. Ndipo fundi wa friji anapojitolea kukunja koili ya bomba la kiyoyozi na kuizamisha ndani ya tangi. Bomba la kiyoyozi ni shaba nyekundu. Koili hiyo itapoza maji, na itaua kila kilichomo isipokuwa pengine samaki. Mtambo wa kupoza maji ya bahari lazima sehemu yake inayogusa maji iwe ya titani. Kama uwezo haupo, feni inayopuliza juu ya maji hupunguza joto kwa njia ya mvuke bila kuongeza sumu yoyote. Kumbuka tu kurudishia maji matamu yaliyopungua.

*Vitu vilivyo juu ya tangi.* Mabano ya taa, skrubu za mfuniko na klipu za mipira havimo majini, lakini mvuke wa chumvi huvifikia, na kutu yake hudondoka ndani. Tumia vya plastiki, au vikague kila mwezi.

*Sumaku si hakimu.* Wapo wanaopima kwa sumaku na kuridhika isiponasa. Sumaku hunasa chuma cha kawaida, lakini hainasi shaba nyekundu, shaba ya njano, alumini, wala aina nyingi za chuma kisichoshika kutu. Jaribio lililo bora ni kutazama ndani, kukwaruza kidogo kwa ncha ya kisu, na kupima uzito mkononi: kiungio kizito kuliko ukubwa wake kina metali.

5. Alama na vipimo

Bomba halali la maji huwa na maandishi mwilini mwake: jina la mtengenezaji, kipenyo, daraja la shinikizo na kiwango cha ubora kilichofuatwa. Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Alama hiyo humhakikishia mlaji kwamba bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa kwa matumizi yake ya kawaida. Haimaanishi kwamba bidhaa imepimwa kwa matumbawe. Kwa hiyo alama huanza uchaguzi, na kanuni ya kukataa metali huukamilisha.

Daraja la shinikizo huandikwa PN, na namba inayofuata ni shinikizo kwa bari. Hapa mlaji anaweza kuokoa fedha. Maji yakipandishwa mita 1, shinikizo lake ni kama bari 0.1 tu. Pampu ya tangi inayopandisha maji mita 1.5 haifikii hata bari 0.2, wakati bomba la PN 10 limetengenezwa kuhimili bari 10. Hakuna haja ya kulipia PN 20 kwa hofu ya kupasuka.

Penye hatari zaidi ni vipenyo. Mabomba yanayouzwa kwa milimita hupimwa kipenyo cha nje: 20, 25, 32. Viungio vya matangi vilivyoagizwa kutoka Marekani hufuata nchi za kwao, na bomba lao la robo tatu nchi lina kipenyo cha nje cha milimita 26.7, si 25. La nchi moja lina 33.4, si 32. Kwa macho vinafanana, na bomba linaingia bila shida, lakini hucheza. Usikubali fundi azibe pengo hilo kwa gundi nyingi. Kiungio kitashika siku ya kwanza na kuachia usiku mmoja sebule ikiwa haina mtu. Nenda dukani na kipande cha bomba mkononi, ujaribu kabla ya kulipa.

6. Gundi, silikoni na kuosha

Gundi ya PVC haizibi tu. Huyeyusha ngozi ya vipande viwili vikawa kitu kimoja. Ifanye kazi hivi:

1. Kata bomba kwa unyoofu, uondoe mabaki kwa tupa au msasa.
2. Pangusa pande zote mbili zikauke.
3. Paka gundi kwa usawa nje ya bomba na kidogo ndani ya kiungio.
4. Sukuma hadi mwisho ukizungusha robo duara, ushikilie kwa nusu dakika.
5. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kama haukuandikwa, usipungue saa 24.

Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na cheche. Mvuke wa gundi hulevya na huwaka moto.

Silikoni ya kuzibia kioo iwe tupu. Silikoni nyingi za bafuni na jikoni huongezewa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haichagui kati ya ukungu na kiumbe cha baharini. Lebo ikitaja kinga ya ukungu, irudishe rafuni. Silikoni inayonuka siki wakati wa kukauka si mbaya kwa sababu ya harufu hiyo; harufu huisha ikikauka.

Mfumo ukikamilika, ujaze maji matamu na kuuzungusha kwa pampu siku moja au mbili, kisha umwage maji yote. Rudia hadi harufu ya gundi iishe kabisa. Hatua hii pia hufichua uvujaji kabla ya chumvi na wanyama kuingia.

7. Umeme ukikatika

Matangi mengi ya matumbawe huwa na tangi la pili chini, ambamo maji hushuka kwa uzito wake na kurudishwa juu na pampu. Umeme ukikatika, pampu husimama, na bomba la kurudishia huanza kunyonya maji kutoka juu kuyapeleka chini. Hayatasimama mpaka mdomo wa bomba utoke majini.

Tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, maji yakishuka sentimita 5, hutoa lita 30. Kama tangi la chini lina nafasi ya lita 20, lita 10 zitamwagika sakafuni, pengine juu ya soketi ya umeme. Hatua za kuchukua ni nyepesi. Weka mdomo wa bomba la kurudishia karibu na uso wa maji, au toboa tundu dogo chini kidogo ya uso huo ili hewa iingie na kukata mnyonyo. Acha nafasi ya kutosha katika tangi la chini. Usitegemee vali ya kuzuia maji kurudi peke yake, kwa sababu konokono mmoja au chembe ya mchanga hutosha kuizuia isifunge. Kisha jaribu mwenyewe: zima pampu ukiwa umesimama pale na utazame maji yanaishia wapi.

Soketi zote ziwe juu kuliko maji, kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, na saketi ilindwe kwa breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu.

8. Dukani

Kabla ya kulipa, mlaji aseme wazi: "Vifaa hivi vitakaa ndani ya maji ya bahari yenye wanyama hai." Kisha aulize:

– Je, ndani yake kuna kipande chochote cha metali? Naweza kufungua nitazame?
– Je, kimetengenezwa kwa maji ya kunywa? Maandishi hayo yako wapi?
– Kisipofaa kwa kazi niliyoitaja, nitarudishaje, na ndani ya siku ngapi?

Dai risiti ya EFD, na uombe aina ya nyenzo iandikwe, kwa mfano "vali ya PVC, haina metali". Maneno hayo machache ndiyo ushahidi wako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Lakini mlaji ambaye hakusema anachokihitaji, na hana karatasi, hujiwekea kesi ngumu. Mkataba na fundi nao uwe wa maandishi, hata kama ni mistari mitatu.

Ukinunua tangi lililotumika, uliza kama liliwahi kutiwa dawa ya shaba. Likiwa limetiwa, usichukue mawe wala mchanga wake. Na kuhusu matumbawe yenyewe, usiyang'oe baharini: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali.

9. Madhara yakishatokea

Usikimbilie kununua wanyama wengine. Fuata mpangilio huu.

Ondoa chanzo kwanza. Fungua kila kiungio ukitafuta metali. Rangi ya kijani au ya samawati kwenye tredi ni dalili ya shaba inayoliwa. Piga picha na uvihifadhi vipande hivyo.

Pima maji kwa kipimo cha shaba. Kipimo kikionyesha shaba, una jibu. Kisipoonyesha, usitulie moja kwa moja, kwani vipimo vya nyumbani havioni viwango vidogo sana.

Badilisha maji. Ukibadilisha nusu, hubaki nusu ya shaba iliyokuwa imeyeyuka. Mara ya pili robo. Mara ya tatu moja ya nane. Tumia pia mkaa maalumu wa kuchujia maji ya matangi. Kumbuka kwamba mawe yanaweza kuendelea kuachia shaba, kwa hiyo rudia kupima kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza kamba mmoja wa majaribio.

Ndipo urudi kwa aliyekuuzia au aliyekufungia, ukiwa na risiti, picha na matokeo ya kipimo. Yule mkazi wa Tanga angefanya hivyo, asingegombana na muuzaji wa kamba asiye na hatia.

Maswali ya kujipima

1. Tangi lina lita 300. Ni miligramu ngapi za shaba iliyoyeyuka zitakazolifikisha kwenye miligramu 0.2 kwa lita?
2. Fundi anasema kiungio hakina metali kwa kuwa sumaku haikinasi. Je, amethibitisha?
3. Tangi lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40. Umeme ukikatika maji hushuka sentimita 4. Tangi la chini lina nafasi ya lita 12. Nini kitatokea?
4. Bomba la PPR lina alama ya ubora na linafaa maji ya kunywa. Ni sehemu gani ya mfumo bado inahitaji kukaguliwa?

*Majibu:* (1) Miligramu 60. (2) Hapana, shaba nyekundu, shaba ya njano, alumini na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazinaswi na sumaku. (3) Zitashuka lita 16, na lita 4 zitamwagika. (4) Viungio vyote vyenye tredi, vali, koki na pampu.